Jinsi ya kufikisha wazo kwa watu likafika: niliyojifunza Pemba kwa konokono wa kichocho

Assalaam alaykum jamani. Vijana wengi wanaojitolea mashehiani, hasa hawa wanaotumwa kuelimisha watu mambo ya afya, huniuliza kwanini unakaa na watu saa nzima, wanaitikia ndio ndio, halafu kesho wanafanya kile kile cha jana. Miye kazi hii nimeifanya miaka kadhaa huku kaskazini Pemba, upande wa Konde, na nimekosea vya kutosha, kwa hivyo naandika hapa vile ninavyofanya sasa, atakaeona kina manufaa achukue.

Nianze na kosa langu kubwa. Siku hiyo tulikaa chini ya mwembe, akina mama, wazee na watoto wa skuli, nikawaambia kichocho kinaletwa na konokono anaeishi majini basi watoto wasioge mtoni. Wote wakaitikia, sheha akanishukuru, nikapanda baskeli yangu nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa. Wiki mbili baadae napita njia ya migombani nakuta watoto kama sita wana mawe mikononi, wanawaponda konokono wakubwa wa shambani, wale wenye ganda refu wanaotambaa kwenye mipapai mvua ikinyesha, na mmoja ananiambia kwa furaha, "Maalim, tunaua kichocho!" Nikawatazama, nywele zao zote zimelowa. Wametoka mtoni kuoga.

Nilisimama pale sijui niseme nini manake watoto wale walikuwa wamenitii, wamefanya kazi niliyowapa kwa jinsi walivyoielewa. Nilisema neno konokono nikiwa na konokono wangu kichwani, mdogo, wa majini, na wao wakaenda kumchukua konokono waliekuwa nae wao, ambae wanamuona kila siku shambani. Neno lilikuwa moja ila picha mbili, na hakuna alieuliza kwa sababu kila mmoja alijua kaelewa.

Sasa hilo ndo la kulishika kabla ya lolote: wazo si mzigo wa kufungwa Unguja ukafunguliwa hapa Pemba, bandari ya Mkoani, vile vile ulivyo. Anaesikia analijenga upya kwa vitu alivyonavyo tayari. Kuna Muingereza mmoja mwanasaikolojia, Frederic Bartlett wa Cambridge, kitabu chake cha mwaka 1932 kinaeleza alivyowapa watu hadithi ya wenyeji wa Marekani ya Kaskazini waisome kisha waisimulie kwa kukumbuka, na kwengine mmoja anampa mwenzake na mwenzake anampa mwengine. Mitumbwi ikageuka kuwa boti tu. Kuwinda sili, yule mnyama wa baharini, kukageuka kuwa kuvua samaki. Hakuna aliekusudia kudanganya, kila mmoja aliirekebisha ikae sawa na dunia anayoijua. Basi ikiwa wasomi wa Cambridge yaliwakuta hayo kwa hadithi ya ukurasa mmoja, wewe na habari yako ya mayai na vijidudu na ngozi unategemea nini.

Kwa hivyo cha kwanza usiende kusema, nenda kusikiliza. Na hapa pahala panahusika sana. Wanaume utawapata barazani baada ya sala ya alasiri, kahawa imeshamiminwa, watu wanacheza bao au dhumna, pale kaa siku ya kwanza na ya pili usifungue faili wala usitoe karatasi, ukitoa karatasi tu watu wanaanza kujibu kama wako kwenye mtihani. Akina mama usiwatarajie pale. Wao kaa nao wakisuka ukili, au msimu wa karafuu usiku wakati nyumba nzima imezunguka jamvi inachambua karafuu na makonyo, mikono inafanya kazi na midomo inafanya yake, na wewe ukae uchambue, si kukodoa macho tu. Yale niliyoyasikia kwenye jamvi lile siku moja sijayapata kwenye semina hata moja.

Namna ya kuuliza nayo ina kazi yake. Ukiuliza "mnakijua kichocho?" utajibiwa ndio tunakijua, imekwisha. Uliza "mtoto akikojoa damu hapa kwenu watu husema nini?" Hapo mambo yanamwagika. Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, sie zamani mtoto mwanamme akikojoa damu tukisema huyo anakua." Mama mwengine akasema kichocho ni cha maji machafu, ya mto wao ni masafi, unaona mpaka mchanga chini. Angalia hizo picha mbili zilivyo na nguvu. Kama damu ni dalili ya kukua nani atakimbilia hospitali? Na kama ugonjwa uko kwenye uchafu, maji maangavu yana kosa gani? Na ukweli ni kuwa uangavu wa maji hausaidii kitu. Mwenye kichocho anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamuingia konokono, vinazaliana ndani yake vinatoka kwa wingi mno, halafu vinapenya ngozi ya anaeoga hata kama haina jeraha. Na havionekani, maji yanabaki yanameremeta vile vile. Ila ningeyasema hayo bila kujua habari ya mchanga unaoonekana chini, ningekuwa nimeyamwaga tu.

Halafu tia nanga. Neno hili si langu, ni la Serge Moscovici, mzaliwa wa Romania aliefanya kazi Ufaransa, mwaka 1961 alitoa kitabu kuhusu namna Wafaransa wa kawaida walivyolipokea somo geni la kutibu watu kwa mazungumzo, lile lililoanzishwa na Freud, daktari wa Austria. Aliona watu hawakulipokea likiwa jipya hivyo hivyo, walilifunga kwenye kitu wanachokijua, kwa mfano kuungama kwa padri, ndo likapata pa kukaa kichwani. Hilo akaliita kutia nanga, na sie watu wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa, chombo kisichotiwa nanga kinakwenda na mkondo. Lake jengine ni kukipa kitu mwili, yaani jambo la fikra tupu ulifanye kitu cha kuonekana na kushikwa. Ntakuja huko.

Sasa nanga unaitia wapi? Itie pahala ambapo watu wenyewe wameshasimama imara. Miye nilihangaika na michoro ya semina mpaka siku nilipokwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, ustadh wetu pale kijijini, nikamueleza tatizo langu, akanitazama akacheka akasema mbona hili watoto wanalisoma kwangu? Tumekatazwa kukojoa kwenye maji yaliyotuama kisha mtu akaoga humo humo. Wallahi nilijiona niliekuwa natafuta miwani nimeivaa. Mtoto wa miaka saba anajua mkojo ni najisi, anajua adabu ya maji, nanga ipo imeshazama kwenye mchanga, kilichobaki ni kufunga kamba tu. Ijumaa ile ustadh akazungumza yeye, si miye, na watu walisikiliza vyengine kabisa.

Lakini nanga ina mambo yake, na hapa wengi wanapita haraka. Ukifunga wazo lako kwenye wazo la zamani, lile la zamani linakuja na vitu vyake vyote. Wiki ile ile kijana mmoja barazani akasimama akasema, "Kaka, ustadh kasema maji yaliyotuama. Wetu ni mto, maji yake yanakwenda, basi hauna neno." Na baraza zima likaitikia kweli! Ona, wazo limeingia vizuri, halafu limezaa mtoto ambae sikumtaka. Ningebishana nae pale tungekesha. Nikamwambia twende mtoni, tukaenda watu kama kumi, tukasimama ukingoni kwenye kona wanapoogea watoto, nikamwambia okota jani kavu litupe. Akalitupa. Likazunguka mara moja, mara mbili, likakaa. Tukasubiri, likakaa pale pale chini ya mvinje. Mzee mmoja akasema taratibu, "Haya, maji yanakwenda wapi haya?" Kona zile ambazo maji yanapunguza mwendo, na majani yapo, ndo konokono anapapenda, na ndo watoto wanapopenda kuogelea. Ustadh nae akaongeza kuwa adabu ya maji haiishii kwenye dimbwi. Kwa hivyo kila ukitia nanga jiulize watu wataburuta nini kutoka huko, na ukisikia mtu katoa hoja ya kukupinga furahi, manake amekuonesha picha iliyo kichwani mwake bila ya wewe kuilipia.

Sasa huku kukipa kitu mwili. Baada ya aibu ya wale konokono wa shambani nikatafuta maganda makavu matupu, la konokono wa kichocho na la yule mkubwa wa mipapai (msiingie majini kuokota kwa mikono mitupu tafadhali, na aliye hai msimchezee). Nikayaweka mawili kwenye kiganja. La yule wa kichocho ni dogo, kama kucha ya kidole gumba hivi. Nikawapa watoto wayashike, wayageuze, nikanyamaza. Msichana mmoja wa darasa la nne akayasimamisha yote mawili, ncha juu mlango unamtazama yeye, akasema, "Maalim, huyu mlango wake uko kulia, na huyu mdogo uko kushoto." Na ni kweli, ndivyo alivyoumbwa, ganda la konokono wa kichocho linajizungusha kwa kushoto. Miye nimekaa na maganda yale miezi sijayatazama hivyo. Kabla sijafungua mdomo mwenzake akadakia, "Wa mkono wa kushoto! Ndo maana ana najisi!" Darasa zima likacheka, na tangu siku ile skuli nzima wanamwita konokono wa kushoto.

Jina lile halijatoka kwenye kipeperushi chochote. Limeunganisha umbo la ganda, mkono tusioulia chakula, na mafundisho ya chuoni, vyote kwa maneno matatu. Ukibahatika watu wakakipa kitu chako jina, acha la kwako ushike la kwao. Marekani mwaka 1986 wanasaikolojia Herbert Clark na mwenzake Deanna Wilkes-Gibbs waliwakalisha watu wawili wawili, mmoja amueleze mwenzake maumbo 12 ya ajabu ajabu bila kuonana, mara 6. Mara ya kwanza maelezo marefu, huyu anauliza yule anarekebisha, lakini kufika mwisho umbo linatajwa kwa maneno machache tu na mwenzake ameshalijua. Ufupi ule wameuchuma pamoja. Mgeni akija leo akasikia "wa kushoto" haelewi kitu, ila wale watoto wanaelewana kwa kutazamana tu. Nawaonya lakini, msianze kupima usalama wa mto kwa kutafuta maganda, jina ni la kukumbukia, halipimi maji.

Kuna jambo sipendi kulitaja ila lina somo. Waliokuwepo 1995 wanakumbuka habari ya Popobawa, jini linalosemekana kuvamia watu usiku, ilianza huku Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu wanalala nje kwa makundi moto umewashwa. Sizungumzi kama lipo au halipo. Nasema tazama lilivyosafiri, na simu za mkononi hazijaenea bado: lina jina ambalo hulisahau, lina mwili, bawa lake na popo wake, na lina cha kufanya usiku huo huo, toka nje ulale na wenzio. Ujumbe wetu wa afya mara nyingi una jina la kitaalamu, hauna mwili, na cha kufanya ni "zingatieni". Kwa hivyo mpe mtu kitu cha kufanya leo. Sie tulisema mtoto akojoe kabla hajateremka mtoni, mbali na ukingo, na kuoga aogee maji ya bomba au ya kisima nyumbani.

Cha mwisho, na hichi msikiache kwa kuchoka, ujumbe urudishwe kwako. Siku za ugawaji wa dawa za kichocho tulitangaza mtoto ale kabla ya kumeza, kwa sababu vidonge tumbo likiwa tupu vinatibua roho na kuleta kizunguzungu. Basi. Siku ya tatu shangazi yangu ananipigia simu anauliza kweli dawa ile inaua watoto wenye njaa? Nikafuatilia grupu kwa grupu za WhatsApp. Wa kwanza alisema ale kwanza. Wa pili akasema ni lazima ale manake dawa kali. Wa tatu, voisi noti, dawa kali sana asiekula atapata madhara. Kila mmoja kaongeza huruma yake kidogo tu, mama anamhurumia mwanawe, na mwisho wake ni kifo. Kukanusha kwa herufi kubwa hakukusaidia. Kilichosaidia ni uji, akina mama wawili wa pale pale walipika uji wa skuli asubuhi, watoto wakanywa wakameza, na yule wa voisi noti tulimuomba kwa heshima arikodi nyengine kwa sauti yake mwenyewe aeleze alichokiona.

Tangu hapo simalizi kikao kwa "mmeelewa?". Namwambia mmoja, jaalia mumeo au mama mkwe hakuja, utamwambia nini ukifika? Halafu nasikiliza mpaka mwisho bila kumkata, na kila pahala alipobadilisha ndo pahala miye sikueleza vizuri. Na baada ya wiki mbili narudi, nawauliza watoto kabla ya wakubwa.

Juzi nimepita pale skuli nikauliza tu, wa kushoto hamjambo nae? Wakaninyooshea mkono wote kwa pamoja, kule kwenye kona chini ya mvinje, na mmoja akakimbia kuniletea jani kavu.