Nyekundu za Event Viewer: ipi ya kuogopa, ipi ya kuacha

Mzee mmoja aliniletea kompyuta ya mezani na picha kwenye simu yake: orodha ndefu ya alama nyekundu ndani ya Event Viewer, yaani daftari ambamo Windows huandika matukio ya kompyuta. Alikuwa amepigiwa simu na mtu asiyemjua, akaelekezwa aifungue orodha hiyo, kisha akadaiwa pesa ya "kuisafisha". Kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Nikamwonyesha ninavyoisoma mimi.

Hatua ya 1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, kisha Enter. Upande wa kushoto fungua Windows Logs, halafu System. Nyekundu utazikuta tu, hata kwenye mashine iliyotoka dukani juzi, kwa sababu Windows huandika hata jambo lililokwama mara moja likaendelea.

Hatua ya 2. Anza na tatizo lako. Kompyuta ilizima saa ngapi? Soma mistari ya dakika hizo. Kama haijakusumbua popote, funga, nenda kafanye kazi zako.

Hatua ya 3. Tazama Source (sehemu iliyoandika mstari huo) na Event ID (namba ya tukio), rangi iache kwanza.

DistributedCOM 10016 ndiyo inayotisha wengi. Sehemu moja ya Windows imebisha hodi kwa nyingine, ikanyimwa ruhusa, ikabisha kwa njia ya pili na kufunguliwa. Microsoft wenyewe wanasema unaweza kuipuuza. Mtandaoni utafundishwa kubadili ruhusa ndani ya rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, ili mstari huo upotee, usijaribu. Nimeshapokea mashine zilizoharibiwa na dawa hiyo, wala si moja.

Kernel-Power 41 imeandikwa Critical, neno zito kuliko yote humo. Maana yake ni kwamba kompyuta iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika na huna UPS (betri ya akiba), utaipata. Ukishikilia kitufe cha kuzimia mpaka ikafa, utaipata. Haisemi sababu. Fungua Details, tafuta BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikuwahi kurekodi skrini ya bluu, ile inayotokea Windows ikianguka: linganisha saa hiyo na saa umeme ulipokatika. Kama umeme ulikuwepo na inajirudia, kagua pawa saplai na joto. Ikiwa namba nyingine, hapo pana kesi. Namba hiyo iko katika mfumo wa desimali, igeuze iwe heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) ndipo uitafute: 159 ni 0x9F, mara nyingi draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyokwama kompyuta ilipokuwa ikilala au ikiamka.

Hatua ya 4. Sasa tafuta Source iitwayo disk. Namba 7 ni sehemu mbovu kwenye diski. Namba 153 ni ombi la kusoma au kuandika lililobidi kurudiwa, nayo imepakwa njano tu, Warning, wakati mimi naiogopa kuliko 10016 mia moja. Ikijirudia, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje leo hii, kabla hujagusa kitu kingine. Kisha kagua kebo, na afya ya diski.

Hatua ya 5. Andika perfmon /rel kwenye kisanduku kilekile cha Windows na R. Utaona siku zilizopangwa kwenye chati, na programu zilizoanguka kila siku. Kwa asiye fundi, mimi humwanzishia hapa.

Usibonyeze Clear Log kabla ya kuja kwa fundi. Ukifuta, tutaanza kubahatisha.