Vita vimesimama, waasi wanafungua ofisi: jinsi ya kujua kama wanajenga serikali kweli au wanapiga picha tu

Kila pakisainiwa makubaliano ya kusitisha mapigano sehemu fulani, haziishi wiki nyingi utaona picha ileile: jamaa aliyekuwa na magwanda juzi leo kavaa suti, nyuma yake bendera, mezani kuna mhuri na chupa ya maji, anaitwa gavana au mkuu wa wilaya au vyovyote vile. Alafu mabishano yanaanza, hawa wanasema nchi imeshagawanyika hiyo, wale wanasema hamna kitu, maigizo matupu. Wote wanaangalia suti. Ukitaka kujua kinachoendelea kweli achana na suti na bendera, uliza maswali mawili: mwalimu wa shule ya msingi pale mshahara wake unatoka wapi, na karatasi yenye mhuri wa hao jamaa ukiivusha kizuizi cha mwisho inatambulika na nani. Mengine yote nitakayosema hapa chini yanazunguka hapo hapo.

Kwanza angalia ofisi ilizaliwa lini. Watu wengi wanadhani amani ndo inaleta ofisi, kumbe mara nyingi ofisi ilikuwepo tangu vitani, imekuja tu kupakwa rangi. Tamil Tigers, waasi wa Sri Lanka waliotaka nchi ya Watamil kaskazini na mashariki ya kisiwa, walisaini kusitisha mapigano tarehe 22 Februari 2002, dunia ikaanza kumiminika Kilinochchi, mji wa makao yao, kushangaa polisi na mahakama zao, lakini polisi hao na mahakama hizo walikuwa nazo tangu mwanzoni mwa miaka ya 90. Waasi wa SPLM kule Sudan Kusini nao waliitisha mkutano wao mkuu mjini Chukudum mwaka 1994, vita vikiwa vimepamba moto, na hapo ndo waliamua kutenganisha utawala wa raia na jeshi, angalau kwenye makaratasi. Kwa hiyo ukikuta kikundi kimeteua mawaziri kumi ndani ya wiki moja baada ya bunduki kunyamaza, na kabla ya hapo hakikuwa hata na karani wa kuandika madeni ya sokoni, punguza imani.

Sasa kwa nini ni wakati wa kusitisha mapigano ndo mambo haya yananoga? Sababu ni nyepesi. Vita vikiwa vinapigwa raia anavumilia, akiuliza maji anaambiwa subiri tumalize adui. Vikisimama kisingizio kimekwisha, watu wanataka zahanati, wanataka kesi zao za mashamba zimalizwe, vijana wa bunduki hawana kazi wanaanza kusumbua mitaani, wafadhili wanabisha hodi wanataka mtu wa kusaini naye, na huko mezani kwenye mazungumzo ukifika mikono mitupu utaonekana genge tu. Mkataba wenyewe nao unafungua milango. Ule wa Sri Lanka uliruhusu kada wa Tigers wasio na silaha kuingia maeneo ya serikali kaskazini na mashariki kufanya siasa, 50 wa kwanza baada ya siku 30, wengine 100 baada ya siku 60, na wote ikifika siku 90. Vifungu vya hivi soma kimoja kimoja ukiupata mkataba, maana vina uzito kuliko hotuba zote za siku ya kusaini.

Haya, pesa. Hapa kaa muda mrefu.

Pesa ya waasi wakati wa utulivu inatoka barabarani zaidi kuliko kwingine kokote. Barabara ikifunguliwa, malori yanapita, na lori likipita linalipa. Ile barabara ya A9 ya Sri Lanka, inayoelekea mji wa Jaffna kaskazini, ilipofunguliwa 2002 ikawa ndo mrija wenyewe, gari likiingia eneo la Tigers linasimama, mizigo inakaguliwa, ushuru unalipwa. Ukitaka kupima kama huo ni utawala au ni uporaji wenye kalamu, muulize dereva wa lori, usimuulize msemaji. Muulize alilipa mara ngapi, na risiti ya kwanza ilimsaidia kwenye kizuizi cha pili au ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Kama risiti moja inamfikisha mwisho wa safari basi kuna hazina moja huko nyuma, kuna mtu anajumlisha. Kama kila daraja lina kamanda wake na kitabu chake cha risiti, hiyo siyo serikali, ni wababe wamegawana njia.

Mfano mzuri ni Ivory Coast. Uasi ulianza Septemba 2002, nchi ikakatika vipande viwili, kaskazini ikashikwa na waasi wa Forces Nouvelles, makao yao mji wa Bouaké. Eneo likagawanywa kanda 10, kila kanda na kamanda wake. Mwaka 2004 wakaunda chombo chao cha fedha wakakiita La Centrale ili makusanyo yaingie sehemu moja, kwa maneno ni hazina kabisa, lakini wale makamanda wa kanda walishaonja na hawakuwa tayari kuachia. Yaani ukiangalia chati ya ofisi unaona wizara ya fedha, ukisimama barabarani unaona kitu kingine.

Na kama chini ya ardhi kuna kitu basi hesabu inabadilika. Waasi wa M23 waliposhika mji wa migodi wa Rubaya kule Kivu Kaskazini, Kongo, mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya madini ya coltan pale inawaingizia karibu dola 800,000 kwa mwezi. Kikundi chenye pesa ya namna hiyo hakimhitaji sana mama wa sokoni, na kisichomhitaji mama wa sokoni hakina haraka ya kumsikiliza, hiyo ni sheria ya zamani hata kwa serikali zinazotambulika.

Upande wa matumizi ndo kuna kichekesho chenyewe. Unaweza ukadhani eneo la waasi mishahara yote wanalipa wao, wapi! Kilinochchi walimu, madaktari, makarani wa wilaya walikuwa wanalipwa na serikali ya Colombo miaka yote ile. Serikali inampiga vita mtu na huku inalipia zahanati zake. Ivory Coast umeme uliendelea kwenda kaskazini na watu kule bili hawalipi. Kwa nini serikali inakubali? Kwa sababu ikikata mshahara wa mwalimu imekiri kwa mdomo wake kwamba wale siyo raia wake tena, na hiyo ndo hoja waasi wanaitafuta usiku na mchana. Waasi nao wanakubali kwa sababu ni bure, wao wanaweka tu mtu wao kukaa pembeni ya mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya anajua kabisa barua gani asisaini kabla hajamuuliza yule aliyekaa pembeni.

Kwa hiyo swali la "nani analipa" usilichukulie juu juu, lifuate mpaka siku serikali itakapokata. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 benki zikafungwa, mshahara upo huko Kinshasa ila hamna pa kuutolea, Februari M23 wakateua gavana wao, na Aprili wakafungua upya CADECO, ile taasisi ya akiba ya serikali, iwe chini yao. Hapo angalia kwa jicho kali: kufungua mlango wa benki na kukata utepe ni kazi ya asubuhi moja, kuwa na noti ndani na watu wakubali kuweka akiba zao ni habari nyingine kabisa.

Mahakama. Usiende na swali la haki za binadamu kwanza, nenda na swali la ng'ombe, shamba na ndoa, maana hizo ndo kesi asilimia kubwa. Watu wanakwenda kwa hakimu wa waasi siyo kwa sababu wanampenda, wanakwenda kwa sababu hukumu inatoka haraka na inatekelezwa, mdeni akiambiwa lipa analipa, anajua akigoma nani atakuja nyumbani. SPLM walikuwa wajanja kwenye hili, hawakuanza upya, waliwaacha machifu na mabaraza yao wakaamua kesi kwa mila, juu yake wakaweka ngazi zao, kaunti, chini yake payam, chini kabisa boma (neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa). Kipimo changu ni kimoja tu, tafuta kesi ambayo raia alimshinda askari. Ikipatikana moja, na askari kweli akalipa ile mbuzi, kuna kitu kinajengwa pale. Isipopatikana hata moja basi mahakama ni ya kuwapatanisha raia wao kwa wao ili wasisumbue.

Shule ndo sehemu ambayo utawala wa waasi unakwama, na waandishi wengi wanairuka. Kufungua darasa ni rahisi, unapata walimu wa kujitolea, chaki, mti. Tatizo ni mtihani. Mtoto akimaliza, cheti chake atakipeleka wapi? Wamon, kabila moja la Myanmar lililokuwa na waasi wake, walilitatua vizuri kuliko wengi. Chama chao kilisitisha mapigano mwaka 1995, shule zao zikawa zinafundisha Kimon ngazi ya msingi, alafu ngazi za juu wanahamia taratibu kwenye mtaala wa serikali na Kiburma ili mtoto aweze kufanya mtihani wa taifa. Yaani lugha yako unailinda na mlango wa chuo hukuufunga. Sudan Kusini walikwenda njia nyingine, shule nyingi zikatumia mitaala ya Kenya na Uganda badala ya ule wa serikali ya Khartoum. Ivory Coast wanafunzi wa kaskazini walikaa wakisubiri mitihani ya taifa ipangwe na miaka inakwenda. Kwa hiyo ukitembelea shule usihesabu madawati, uliza darasa la mwisho wanafanya mtihani wa nani.

Kuna kitu kidogo nakipenda sana, hakina faida ya kiuchumi lakini kinaonyesha mamlaka kuliko bendera. Mwaka 1996 Sri Lanka ilisogeza saa zake mbele, Tigers wakagoma wakabaki na saa ya zamani. Kwa hiyo miaka ile ya utulivu ukitoka upande wa serikali ukavuka kizuizi cha Omanthai unarudisha saa nyuma nusu saa, basi hivo, ndani ya kisiwa kimoja, mpaka Aprili 2006 serikali iliporudi kwenye saa ya zamani. Fikiria muuza duka anaepokea mzigo kutoka pande zote mbili, kila siku anafanya hesabu ya ni saa ngapi kwa nani.

Mashirika ya misaada nayo yafuatilie kwa karibu, siyo kwa kilo za unga walizoleta, kwa karatasi walizosaini. Mwaka 2000 SPLM kupitia tawi lao la misaada, SRRA, waliyaambia mashirika yasaini mkataba nao la sivyo yaondoke, mashirika kadhaa yakafungasha. Ugomvi haukuwa unga. Ugomvi ulikuwa nani mwenyeji, nani anatoa kibali cha gari, nani anaamua kisima kichimbwe kijiji gani. Anaeamua kisima kinachimbwa wapi ndo diwani, hata asipokuwa na cheo.

Ndani ya ofisi sasa. Kaa kwenye benchi la kusubiri nusu siku, angalia simu. Kamanda akipiga, mkuu wa utawala wa kiraia anaongea amekaa au anasimama? Nani anaingia bila kugonga mlango? Wakikwambia jeshi na utawala vimetenganishwa, uliza bajeti inasainiwa na nani na gari la ofisi mafuta yake yanatoka ghala gani. Mara nyingi utakuta tawi la siasa ndo linaongea na wageni wenye kamera, na mwenye ufunguo wa ghala hujawahi hata kumuona.

Na usilewe mpangilio mzuri. Hili nalisema kwa sababu nimeona watu wenye akili zao wakirudi kutoka maeneo haya wamechanganyikiwa, eti barabara safi, trafiki anaandika faini, hamna wizi. Sawa. Daftari lile lile la kaya linalotumika kugawa chakula linaonyesha nyumba gani ina kijana na nyumba gani ina ndugu nje anaetuma pesa. Tigers waliendelea kuandikisha watoto jeshini wakati wa kusitisha mapigano, UNICEF iliyaandika hayo, na ni miaka ileile wageni walikuwa wanasifia mahakama zao. Kwa hiyo ukionyeshwa rejista iliyojazwa vizuri uliza inatumika kwa mambo mangapi, na uliza ukiwa peke yako na mwananchi, siyo mbele ya kada anaetafsiri.

Mwisho wa kusitisha mapigano nao unasomeka mapema kidogo kama unajua pa kuangalia. Tigers waliwasilisha pendekezo la mamlaka yao ya mpito tarehe 31 Oktoba 2003, siku nne tu baadae rais wa Sri Lanka, Kumaratunga, akachukua wizara tatu mikononi mwake, ikiwemo ulinzi, na mazungumzo hayakurudi kwenye mstari tena. Nepal ilikuwa kinyume, makubaliano ya Novemba 2006 yalitaka serikali na mahakama za waasi wa Kimao zifungwe, nao wakaingia kwenye dola, kwanza kwa makubaliano, baadae kwa kura. Mindanao, kusini mwa Ufilipino, walichukua miaka mingi zaidi, waasi Waislamu wa MILF walianza kusitisha mapigano 1997 na ni mwaka 2019 ndo viongozi wao wakakaa kwenye viti vya mamlaka ya mpito ya Bangsamoro, eneo lao lenye utawala wake, kisheria.

Kwa hiyo ukipata rasimu ya mkataba wa amani wowote, usianzie ukurasa wa kugawana mawaziri. Tafuta kama kuna mstari unaosema hati za mashamba zilizotolewa na waasi zitakuwaje, hukumu za talaka je, nesi aliyefundishwa porini miaka 6 atapangiwa daraja gani la mshahara, na yule mtoto mwenye cheti cha kuzaliwa chenye mhuri wa ofisi ambayo kesho haitakuwepo ataandikishwa shule kwa karatasi ipi. Mstari huo usipokuwepo, rudi pale kwenye benchi la ofisi miezi mitatu baadae, utawakuta watu wamepanga foleni na makaratasi yao.