Kubadilisha sensa ya krenki mwenyewe nyumbani

Gari limezima kwenye taa za barabarani, injini ikiwa imeshapata moto. Unapiga stata, injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Unalisukuma pembeni, unakaa nusu saa, unajaribu tena, linawaka mara moja. Kesho yake linarudia yale yale. Ukiona mtindo huo, ishuku sensa ya krenki kabla hujatoa hela kununua pampu ya mafuta. Na likikuzimia katikati ya mwendo, shika usukani kwa mikono miwili maana utakuwa mzito ghafla, na kanyaga breki mara moja kwa nguvu bila kuachia, kwa sababu msaada wa breki unaobaki unatosha kwa mikanyago michache tu.

Ughaibuni kazi ya fundi mara nyingi inagharimu kuliko kifaa chenyewe, ndiyo maana nawahimiza ndugu zangu mwifanye wenyewe. Kwenye magari mengi ni bolti moja na konekta moja ya nyaya.

Sensa yenyewe ni kijiti cha plastiki kinachokaribia gurudumu la meno lililofungwa kwenye krenkishafti (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni), bila kuligusa. Mpangilio unaotumika sana ni wa nafasi 60 ambazo 2 zimeachwa wazi makusudi, yakabaki meno 58. Lile pengo likipita mbele ya sensa, kompyuta inajua pistoni zimefika wapi, ndipo inapoamua lini plagi zirushe cheche na lini nozeli zimwage mafuta. Sensa ikinyamaza, kompyuta haina pa kuanzia. Ugonjwa wa joto nao una sababu yake: ndani ya aina moja ya sensa hizi mna koili ya waya mwembamba kama unywele. Waya ukishakatika kidogo, joto linautanua na kuuachanisha, ubaridi unaurudisha.

Hakikisha kwanza. Kisomaji kidogo cha OBD2, yaani kifaa kinachosoma misimbo ya hitilafu kutoka kompyuta ya gari, kinachoongea na simu kwa bluetooth kinatosha. Magari yote ya abiria yaliyouzwa Marekani tangu 1996 yana tundu lake chini ya dashibodi, na Ulaya ni magari ya petroli tangu 2001. Misimbo unayoitafuta ni P0335 hadi P0339. Kisha, wakati mwenzako anapiga stata, angalia mizunguko ya injini kwenye simu. Inapaswa kusoma kati ya 100 na 250 hivi kwa dakika. Ikisoma sifuri huku injini inazunguka, ama sensa imekufa ama waya wake umekatika. Usiuruke waya! Fungua konekta utazame kama mna oili au kutu, pitisha vidole kwenye waya wote hasa unapopita karibu na ekzosi. Nimeshaona sensa nzima kabisa ikitupwa kwa sababu ya waya ulioungua.

Sensa ya nyaya mbili, ambayo kwa kawaida ndiyo ile yenye koili, unaweza kuipima kwa mita ya kawaida ya umeme. Mara nyingi husoma kati ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 200 na 1,500. Ikisoma sifuri au isisome kitu, imekwisha. Kama tatizo ni la joto, subiri uitoe, kisha ipulizie mashine ya kukaushia nywele huku mita imeunganishwa. Namba ikiruka ghafla au kupotea, umeshapata jibu. Ile ya nyaya tatu usiipime kwa omu, haitakuambia lolote la maana na unaweza kuiharibu.

Kununua, tumia namba ya chasi yenye herufi na tarakimu 17, inayoonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Gari la mwaka uleule na jina lilelile linaweza kuwa na injini mbili tofauti, kila moja na sensa yake. Kwa walio Marekani, iingize namba hiyo kwanza kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya huko. Gari lako likiwa limeitwa na kiwanda kwa ubovu huo, utatengenezewa bure. Na hapa usibane matumizi: chukua ya kiwanda au ya mtengenezaji anayeviuzia viwanda. Sensa bandia nyingi huanza kuzingua ndani ya miezi michache, na kazi unairudia.

Mahali ilipo hutofautiana: karibu na puli ya mbele, ubavuni mwa bloki, au nyuma pale injini inapokutana na giaboksi. Ingiza simu ikiwa imewashwa kamera usipofika kwa macho, na upige picha njia ya waya kabla ya kugusa chochote. Ukilazimika kuingia chini, gari lisimame juu ya stendi za chuma kwenye sakafu ngumu, gia na hendibreki zimewekwa, matairi yamezuiwa. Jeki peke yake imeua watu, usiiamini hata kwa dakika moja. Unaishi nyumba ya kupanga? Soma mkataba kwanza, wengine wanakataza matengenezo kwenye maegesho.

Injini ikiwa vuguvugu, si ya moto, toa waya hasi wa betri. Safisha kuzunguka sensa kwa brashi na kitambaa ili mchanga usidondoke ndani ya injini. Bonyeza kilimi cha konekta na uvute konekta yenyewe, si nyaya. Kwenye baridi kali ya majira ya huko plastiki hukatika kama biskuti, kwa hiyo ipashe moto kidogo na ile mashine ya nywele. Bolti kwa kawaida ni ya spana namba 8 au 10, nyingine ni ya nyota.

Sasa inakuja sehemu inayowashinda wengi: bolti imetoka, sensa haitoki. Miaka ya joto na kutu imeigandisha. Usiikwanyue na bisibisi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, nenda kalale, asubuhi ishike kwa koleo uizungushe kushoto na kulia milimita chache, mara nyingi, bila kuivuta. Utaisikia inaanza kuteleza, mguso unakuwa laini, halafu mpira wake unaachia kwa kamlio kadogo. Hapo ndipo unavuta. Kichwa kikikatika, usisukume kipande ndani. Kaza skrubu ya mbao taratibu katikati ya plastiki iliyobaki, kisha vuta skrubu kwa koleo.

Ya zamani iangalie ncha. Ikiwa imekwaruzwa na meno, tatizo liko kwenye gurudumu au beringi, na sensa mpya nayo italiwa. Ilaze sambamba na mpya: urefu, tundu la bolti na konekta vilingane.

Futa shimo liwe safi, paka mpira wa duara oili safi ya injini, sukuma sensa kwa mkono mpaka ikalie bapa. Kosa kubwa ni kuivuta ndani kwa kukaza bolti, maana sikio la plastiki hupasuka. Bolti inahitaji kukazwa kwa kama Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 8 hadi 10 tu. Bila spana ya kupimia, shika spana karibu na kichwa chake, kaza mpaka bolti ikalie, ongeza kidogo sana, acha. Nyuzi za aluminiamu zikishaliwa ni kazi nyingine kabisa. Rudisha waya kwenye vishikizo vyake vyote, mbali na mkanda na ekzosi, konekta ilie ta!

Rudisha betri, washa, futa misimbo, liache gari lifike joto lake kamili, kisha endesha karibu na nyumbani kwa nusu saa. Baadhi ya magari, hasa ya General Motors, yanahitaji kompyuta ifundishwe upya na skana yenye uwezo huo. Gari linawaka na kwenda, lakini taa ya injini hubaki na msimbo P0315. Hapo tu ndipo utakapomwendea fundi, na ni kazi ya dakika chache.