Kuanza Safari ya Uafisa wa Meli Ukitokea Unguja au Pemba
Kijana wa Unguja au Pemba anayetaka kuwa afisa wa zamu ya uongozaji wa meli aanze na cheti cha afya ya baharia, ambacho muda wake hauzidi miaka 2, kisha ajiunge na mafunzo yaliyoidhinishwa kwa mujibu wa Mkataba wa STCW wa 1978, yaani mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Atahitaji umri wa miaka 18 na miezi 12 ya kazi baharini, iliyothibitishwa katika daftari la mafunzo. Asiyepitia mafunzo hayo hudaiwa miezi 36 ya kazi baharini. Daftari lisainiwe angali melini, kwani kumtafuta nahodha baadaye ni taabu kubwa.

Akiwa melini na mabaharia Wafilipino, Wahindi na Waukraine, heshima tuliyolelewa nayo isimfanye anyamaze: amri ya usukani airudie kwa sauti, na asipoielewa aulize papo hapo.