Mkwaju: Usisubiri Mche Umzidi Mbuzi Kimo

Nimerudi tena kwenye mashamba ya Magu na Misungwi, mkoani Mwanza, kuangalia mikwaju iliyokauka Julai, na kila mche niliofukua una kasoro ileile: mzizi mkuu umejiviringisha kama kamba, au umekatika. Miche hiyo ilikaa kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea, mwaka mzima. Ukiuliza, unajibiwa kwamba ilisubiriwa iwazidi mbuzi kimo. Ndugu zangu, hapo ndipo mnapoiua.

Mkwaju hutanguliza mzizi. Majani yakiwa bado machache, mzizi umekwisha kushuka kutafuta maji. Ndiyo maana mkwaju mkubwa hutupa kivuli kiangazi, nyuki wakapata maua, ndege na tumbili wakapata pa kukaa. Ndani ya kiriba, mzizi ukifika chini hujikunja, au hutoboa na kuzama ardhini. Siku ya kuhamisha unaukata bila kujua, na mvua zikikoma mche hauna pa kunywea.

Kwa hiyo anza kuhesabu kutoka vuli kurudi nyuma. Loweka mbegu saa 24, otesha katikati ya Julai kwenye viriba vyenye kina cha sentimita 25 au zaidi. Kuanzia wiki ya sita, inua kila kiriba mara moja kwa wiki mbili na ukate kwa mkasi mzizi uliochungulia, kabla haujazama ardhini. Kwa mkasi, si kwa kuvuta! Novemba, udongo ukishalowa vizuri, mche wa sentimita 30 unatosha. Shimo liwe sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, mti hadi mti mita 10. Chana kiriba, ukitoe chote. Wapo wanaofukia mche na plastiki yake. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Mbuga inayotuamisha maji iacheni.

Mbuzi huzuiwa kwa miiba. Zungushia matawi ya mgunga, kimo cha mita moja na nusu, na uyabadilishe yakioza, mpaka mti ujitegemee.

Asiye na kitalu afukie mbegu tatu palepale shimoni mvua zinapoanza, kina cha sentimita moja na nusu, kisha abakize mche mmoja wenye nguvu. Mimi naipenda zaidi njia hii, kwa sababu mzizi hauguswi kabisa.

Ukiona majani mapya kabla ya Krismasi, mche umeshika. Ushishi wenyewe, yaani tunda la mkwaju, utausubiri miaka saba au zaidi.