Kusomea kuchora komyuniti koleji hapa California, anzia hapa

Wadau mlioko California, hasa nyie wenye kijana nyumbani anayechora kila karatasi anayoikuta, naandika hii maana kila nikienda kwenye shughuli naulizwa kitu kilekile, kuchora kunasomewa kweli na ukimaliza utakula nini. Kunasomewa, na kazi zipo, ila uingie na mpango tangu muhula wa kwanza.

Hela kwanza. Ukiwa mkazi wa jimbo unalipa dola 46 kwa uniti, yaani kipimo cha ukubwa wa somo, darasa la kwanza la kuchora kwa kawaida ni uniti 3, so ni dola 138 ukiacha vifaa na vijiada vidogo vidogo. Ukazi maana yake umeishi hapa mwaka na siku moja kabla muhula haujaanza na una karatasi za kuonyesha, usipofikisha bili inapanda vibaya mno. Jaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali kuu, si lazima uwe raia, grini kadi inatosha, halafu omba na California College Promise Grant, kipato kikiwa kidogo ile ada ya uniti inafutwa.

Vifaa usinunue kabla hujapewa silabasi. Mara nyingi ni mkaa wa kuchorea, penseli 2B mpaka 6B, pedi ya inchi 18 kwa 24, na ile rabari laini unayoikanda kama donge la chapati.

Darasani mwalimu anapanga mezani chupa, sufuria, kitambaa, anawasha taa moja pembeni, mnachora masaa. Hapa ndo wengi wanakwama, tunachora tunachokijua badala ya tunachokiona. Unajua mdomo wa sufuria ni duara basi unachora duara, wakati pale ulipokaa unaonekana kama yai lililolala. Fumba jicho moja, nyoosha mkono kabisa bila kukunja kiwiko, pima upana wa sufuria kwa penseli halafu uone unaingia mara ngapi kwenye urefu wake. Kwenye vivuli sinzisha macho mpaka vitu vififie, yabaki meusi na meupe tu. Fanya hivyo kila siku nyumbani, hata kwa birika la chai.

Kuna siku kazi zote zinabandikwa ukutani mnazijadili. Sisi tuliofundishwa kunyamaza mbele ya mwalimu tunaumia sana hapa, jikaze uongee, kushiriki kuna maksi. Na mapema nikwambie, darasa la kuchora mwili wa binadamu huwa na modo aliye uchi, kama dini au malezi yako hayakuruhusu muone mwalimu kabla hujajiandikisha, usisubiri siku yenyewe.

Ukitaka kuhamia chuo kikuu uchukue digrii, muone kaunsela muhula huohuo wa kwanza, na uingie tovuti ya ASSIST inayoonyesha somo gani linakubalika chuo kikuu kipi, maana nimeona watu wamepoteza mwaka kwa masomo yasiyohesabika. Michoro yako usitupe, ipige picha kwa mwanga wa mchana. Wanaopitia potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako, wanataka kuona umechora kitu kilichokuwa mbele yako, katuni za kuiga na sura za mastaa ulizotoa kwenye simu hazitakubeba.

Kazi sasa. Ya haraka zaidi kwa maoni yangu ni kuchanganya na cheti cha CAD, yaani kuchora kwa kompyuta, unachora ramani za majengo au vipuri. Grafiki dizaini ina watu wengi lakini inalipa ukiwa mzuri. Animesheni ipo Burbank na Glendale, ushindani ni mkali jamani. Kufundisha sanaa sekondari kunataka digrii na leseni ya ualimu. Kuchora kwa ajili ya vitabu vya udaktari kwa kawaida ni mpaka masters, so anza na bayolojia mapema. Tatuu unajifunza kwa fundi, na unasajiliwa idara ya afya ya kaunti.

Madarasa haya yanajaa haraka. Ukikuta limejaa jiandikishe kwenye foleni ya kusubiri halafu nenda siku ya kwanza hivohivo na penseli zako, kuna wanaoacha wiki hiyohiyo.