Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumpeleka Mhudumu wa Afya Kwenye Kituo cha Ebola

Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 1 Agosti 2018, ambao ulidumu karibu miaka miwili, wahudumu wa miji ya Beni na Butembo walikabili hofu ya virusi na hofu ya watu, kwa kuwa uvumi kwamba Ebola ni biashara uliwafanya waonekane maadui, na Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa hospitalini Butembo. Anayeandaa kikosi asihesabu glavu na klorini tu.

Siku za mapumziko ziandikwe kwenye ratiba tangu mwanzo, maana muuguzi anayeona wenzake wamezidiwa hataomba ruhusa. Ndani ya mavazi ya kujikinga jasho hutiririka hadi kwenye buti, miwani huingia ukungu, na jina huandikwa kwa kalamu kwenye aproni ili mgonjwa ajue ni nani anayemhudumia. Kila mmoja awe na mwenzake wa zamu mwenye mamlaka ya kumtoa nje bila ubishi.

Familia nayo izungumzwe mapema: atalala wapi, watoto watabaki na nani, na mwenye nyumba akimfukuza kwa hofu atahamia wapi. Posho na fidia ziwe kwa maandishi.

Jambo linaloahirishwa mno, nami naliona zito kuliko yote, ni kifo cha mwenzao. Uganda mwaka 2022, wahudumu 19 waliambukizwa na 7 wakafariki. Maiti haioshwi na ndugu wala marafiki, bali huzikwa na kikosi maalumu, hivyo wanaobaki hukosa hata nafasi ya kumuaga mwenzao kama walivyozoea. Iamuliwe kabla nani atawapa taarifa, familia itashirikishwaje kwenye maziko, na zamu ya siku hiyo itashikwa na nani.

Mshauri nasaha asiwe msimamizi wao wa kazi, kwani hakuna atakayemwambia mkuu wake kwamba ameanza kunywa pombe ili apate usingizi. Watu wasilazimishwe kusimulia waliyoyaona mara tu baada ya tukio. Wasikilizwe wanapokuwa tayari. Wafanya usafi, madereva na wazikaji wahesabiwe pia, na malipo ya mshauri yaendelee kwa miezi kadhaa baada ya mlipuko kutangazwa kwisha, kwa sababu wapo wanaoanza kukosa usingizi wakiwa wamekwisha kurudi kwenye wodi zao za kawaida.